Vikinga Ugoko Vipya

Dada Corinne,

Mvua ya huku Oregon haijakatika, na goti la mama ni lile lile. Uliniambia ninunue vikinga ugoko vya maana. Nilinunua.

Vya baba nilivitupa. Vilinuka kama mbwa aliyeloa, na ngozi ngumu ya vikinga hivyo ilinichubua hadi nikishuka mtini tu navua, pamoja na vile vyuma vya miba tunavyopandia miti, maana hufungwa pamoja. Dukani nilijaribu jozi nne. Tatu zilinibana shavu la mguu. Ya nne ilikuwa pana, laini, hata huisikii. Muuzaji akatabasamu, meno ya kahawia: "Hivi kaka, utasahau kama umevaa."

Nikasahau kweli.

Jumanne niliangusha msonobari mkavu wa jirani, kisha nikaruka uzio kupunguza matawi ya mwaloni wetu. Unajua miba ni ya mti wa kuangushwa tu. Ulio hai tunaupanda kwa kamba. Nilikuwa juu kabisa mama aliposema kutoka chini, "Orrin, mbona mti una matundu?"

Miba ilikuwa bado miguuni. Matundu thelathini na moja, dada. Nimeyahesabu. Gome limechanika, ndani kweupe kama mfupa.

Ni ule mwaloni ulioupanda kwa ajili ya mwanao Tess, wiki tuliyomzika. Nimeona usikie kwangu.

Vile laini nimevichoma. Vya baba nimevifukua jalalani. Sasa vinanuka uozo, na asubuhi ya leo vimenichubua vizuri.

Mdogo wako asiyestahili jibu,
Orrin