Feithi ya Mama

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Kwanza nikuulize mgongo, maana ulisema unakusumbua ukisimama sana kazini. Umepata nafuu? Shemeji na mwanao ni wazima? Sisi tunakohoa kidogo kwa baridi, ila hakuna aliyelala kitandani. Mama anakula vizuri na kunigombeza vizuri zaidi, basi ujue afya anayo.

Nina jambo rohoni. Ukilisoma usinune mpaka ufike mwisho.

Unakumbuka mwanao alipompigia simu bibi yake, wakati Mama anaogopa kupasuliwa jicho? Alimwambia kwa Kiingereza kwamba ana faith naye. Mama hakuelewa, lakini alicheka kama aliyepewa dunia. Kisha akaniuliza maana. Mimi nilikuwa na kitana mkononi na kichwa cha mteja magotini, nikajibu harakaharaka, "Imani."

"Imani ya kusali?" akashtuka. "Mtoto ananisalia? Mimi ndiye Mungu?"

Mteja akacheka hadi msuko ukaniponyoka. Mama hakuridhika, ikabidi aitwe jirani yetu, yule mzee aliyekuwa mkalimani mahakamani, tunayemwita Babu Tafsiri.

Babu akakaa kwenye kiti cha wateja, akaeleza taratibu. Waingereza, alisema, wanalituma neno hilo kazi nyingi. Imani ya dini ni faith, na dini yenyewe huitwa hivyohivyo. Ukiamini fundi wako hatakuachia paa linalovuja, una faith naye. Mahakamani, aliyenunua kitu cha wizi bila kujua husemwa alinunua kwa faith njema, yaani kwa nia safi. Hata mume asiyechepuka huitwa faithful, sifa iliyozaliwa na neno hilo. "Basi mjukuu wako hakukuabudu," akamwambia Mama. "Anasema anajua hutashindwa."

Mama akaenda kupasuliwa jicho, kichwa juu. Nani alimpeleka? Mimi. Nani alimtia dawa ya matone asubuhi na jioni? Mimi. Na nani alisifiwa kwa wageni wote? Mwanao, kwa neno moja la simu! Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini yenu ilimuua, na mimi niliyekuwa nimesimama karibu nikaambulia kufagia.

Tangu hapo neno halimtoki. Ana feithi na birika kwa sababu halivuji. Hana feithi na muuza mkaa. Siku moja nikamwambia akae nimsuke. Akafunga kitambaa chake vizuri akasema, "Acha. Mdogo wako atakuja kunisuka mwenyewe. Nina feithi naye."

Mdogo wangu, mimi ni msusi. Wanawake wanapanga foleni mlangoni kwangu kabla sijanawa uso. Wivu ukanipanda hadi utosini.

"Na mimi je, Mama? Una feithi nami?"

Akanitazama kwa jicho lake jipya. "Wewe? Feithi ya nini? Si upo hapa?"

Alisema kwa upole, kama anayenisifu. Mimi nikajiona ukuta. Nani anaungoja ukuta?

Ndipo bibi harusi mmoja wa mji wa mbali akaniita nikamsuke yeye na dada zake. Kazi kama hizo huwa nazikataa. Safari hii nilikubali hata kabla hajamaliza kueleza. Shangazi akaja kukaa na Mama, nami nikaondoka na mkoba wangu. Sikufichi: nilitaka niwe mbali, nami ningojwe kama wewe.

Wakati wa kurudi mvua ikabomoa daraja. Basi likakwama, simu ikaisha chaji, tukalala humohumo tumekaa. Nilifika nyumbani kesho yake mchana, tope hadi magotini.

Nilimkuta Mama mlangoni, kwenye kiti cha wateja. Shangazi alinivuta pembeni akanieleza. Habari za daraja zilipofika, majirani walijaa uani wakaanza kulia. Mama akawanyamazisha: "Nani amekufa hapa? Binti yangu atarudi. Nina feithi naye. Nendeni mkapike." Alimaanisha mimi! Moyo wangu ukacheza ngoma.

Nikamwendea. "Umechelewa," ndilo neno pekee aliloniambia. Kisha akanishika mkono. Mdogo wangu, vidole vyake vilikuwa baridi, na hakuniachia hata nilipotaka kwenda kuvua viatu. Shangazi anasema tangu alipopata habari hakutia kitu kinywani.

Babu Tafsiri hakutueleza hilo. Mimi nilidhani kungojwa ni zawadi anayopewa aliye mbali, sikujua anayengoja analipa nini. Mimi aliningoja usiku mmoja tu nikamkuta vile. Wewe anakungoja mwaka wa ngapi huu?

Wivu haujaniisha, nisikudanganye. Lakini omba likizo, uje. Nitakupa kitana changu kizuri na kiti changu, nami nitakaa pembeni nikuone ukimsuka.

Mama anakusalimu, Shangazi naye, na Babu Tafsiri anamshukuru mwanao kwa kazi aliyotuletea. Mbusu shavuni kwa niaba yangu, umwambie shemeji tunamkumbuka. Mungu awalinde njiani na kazini, na mgongo wako aunyooshe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuonea kijicho.