Fundi Aliyefungia Chupa ya Mafuta

Mama Winifred mpendwa, nisaidie, maana usingizi umenihama na mtu wa kumweleza sina. Mimi ni fundi wa mashine katika atelye moja ya kushona hapa Biryogo, tuna vyerehani tisa na washonaji tisa, na kwa miaka sita hakuna aliyegusa bisibisi wala chupa ya mafuta ila mimi, nilivifungia kabatini, kwa sababu, nikuambie kweli, niliogopa kwamba siku washonaji wakijua kutia mafuta na kukaza parafujo, patroni wetu Bi Zaituni, mwenye atelye, atajiuliza mimi ananiweka wa nini. Basi mwezi uliopita dada mmoja, Mukandekezi, akanijia akasema, "Fundi, mashine yangu iko inagonga," nikamjibu, "Wewe shona, kutengeneza niachie mimi," akarudi kesho yake, akarudi siku ya tatu, wenzake wakaanza kumcheka, akaacha kunijia, akaendelea na sare za shule hivyo hivyo mpaka chuma kinachobeba sindano kikakatika na sindano ikamwingia kidoleni. Bi Zaituni akaja juu, nani kaharibu mashine, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema Mukandekezi anaikanyaga kwa nguvu mno. Akamfukuza palepale, damu haijakauka, naye analea watoto watatu peke yake. Sasa Bi Zaituni anataka niwafundishe wote kutunza mashine zao, nami naona wakishajua tu, watajua pia kwamba chuma kile hakikukatwa na miguu ya mtu. Nifanyeje, mama?

Fundi B., Biryogo

Fundi B., pole. Hofu ya kukosa riziki naijua, na mwenye watoto hacheki nayo. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Anayekaa na mashine kutwa ndiye wa kwanza kujua inaumwa. Mukandekezi alikuja mara tatu, jamani, mara tatu! Ulitaka apige ngoma? Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, mnatoka wote na majembe kuzibua mifereji, na sijasikia mtu akisema mfereji ni wa bwana fulani peke yake, kwani maji yakifurika yanaingia kwa wote. Mkirudi ndani ya atelye, umuganda mnauacha mlangoni. Wewe ndiye uliyeufungia nje.

Mficha maradhi kifo humwumbua. Wafundishe. Kila asubuhi, kabla ya mshono wa kwanza, kila mmoja afute vumbi na nyuzi, atie mafuta, azungushe gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Ikigonga, asimame akuite, nawe ukiitwa uende, hata kama chai yako iko mezani. Wala hutakosa kazi. Mashine tisa zina magonjwa mengi yasiyoponywa na mafuta.

Ila usiwafundishe lolote kabla hujasimama mbele ya Bi Zaituni, na wale waliocheka wakisikia, ukasema, "Nilidanganya, mrudishe Mukandekezi kazini." Halafu nenda kwa Mukandekezi mwenyewe, usitume mtu, umwombe radhi na umwambie mashine yake inamngoja.

Unaweza kufukuzwa, sitakudanganya. Ukifukuzwa, utakuwa umefukuzwa kwa kosa lako. Yeye pia alifukuzwa kwa kosa lako.

Mama Winifred