Rangi Nyekundu Haitibu Homa

Gungu, Kigoma

Kaka Bonaventura,

Shikamoo. Dagaa ulizotuma zimefika, ahsante.

Sasa niambie, vile vijiti vya watoto kuchezea ninavyochonga na kuvipaka rangi ili uviuze huko Ilagala, umewaambia watu ni vya nini? Jana mama mmoja alinijia na mtoto anachemka homa. Siku tatu amekuwa akimgusa kwa kijiti chenye mistari myekundu, eti ulimwambia kinatibu! Akaniomba chenye nguvu zaidi. Nimewapandisha bodaboda mpaka hospitali. Mtoto bado amelazwa, na kijiti hajakiachia.

Mzigo huu mpya nimeupamba kwa maandishi meupe, kila kijiti: KICHEZEO CHA MTOTO. Haya, kawadanganye tena.

Mdogo wako,
Honorata