Nusu ya Kipimo

4 Machi

Kwako wifi,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na cherehani yako haijambo. Sisi huku tungekuwa wazima zaidi kama usingetuletea mgonjwa yuleyule kwa mara ya pili.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Jana mwanao alianguka kifafa tena. Kaka alimkimbiza hapa na lori lake, mtoto amejing'ata ulimi, shati la kaka limelowa damu. Wewe hukuja. Daktari alishangaa, maana mwezi uliopita alipandisha dozi na alitegemea mtoto angetulia. Halafu kaka akatoa chupa ya dawa mfukoni. Mimi ndiye mfamasia wa hospitali hii, ndiye niliyeijaza chupa ile na kumpitishia kaka dirishani. Ilitakiwa iwe imekwisha. Imebaki nusu.

Niambie basi, hiyo nusu ilikuwa ya nani? Au ulidhani tunapima kwa kukisia, kama unavyokisia viuno vya wateja wako?

Wifi yako,
shangazi wa mtoto


9 Machi

Wifi,

Salamu nimezipata, pamoja na miiba yake. Mimi mzima. Viuno vya wateja wangu napima kwa futi, na hakuna aliyewahi kunirudishia gauni.

Simu zako sipokei kwa sababu ukianza kusema humwachii mtu nafasi ya kumeza mate. Kwenye karatasi utangoja zamu yako. Na hospitali sikuja kwa sababu nilijua nitakukuta umesimama mlangoni na mdomo wako.

Ndiyo, nilipunguza. Nilimpa nusu. Ulitaka nifanyeje? Tangu daktari wenu apandishe, mtoto alikuwa analala mchana kutwa juu ya vipande vya vitambaa, nikimwita ananitazama kama hanijui. Baba mkwe anakunywa dawa hiyohiyo, mzee mwenye mwili wa watu wawili, na dozi yake inazidi kidogo tu ya huyu mwenye miguu kama njiti. Nilimuuliza daktari kwa nini. Akaniambia, "Mama, fuata maelekezo." Hilo ndilo jibu?

Mtoto ni mdogo, dawa iwe ndogo. Hata asiyesoma analijua hilo.

Wifi yako,
mama wa mtoto


13 Machi

Wifi,

U hali gani? Mimi hali yangu ni hasira, lakini nakula na kulala, ahsante.

Hata asiyesoma analijua, na hata asiyesoma anakosea. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa mikono na pindo. Kwa umri wa mwanao, ini ni kama jiko lililokolea moto. Dawa ikiingia linaichoma upesi na mwili unaitoa, kabla haijakaa kufanya kazi yake. Kilo kwa kilo, anahitaji dawa nyingi kuliko babu yake, ambaye ini lake limechoka na dawa inakaa naye kutwa. Ndiyo maana daktari alipandisha. Tena dawa ya kifafa ukiipunguza ghafla, kifafa kinarudi na hasira zake zote.

Akiangukia ile pasi yako ya mkaa, jeraha lake utalipima kwa futi gani?

Nimezungumza na kaka. Mtoto atakaa kwangu mpaka niwe na hakika kwamba anameza dawa yake.

Wifi yako,
shangazi wa mtoto


2 Aprili

Wifi,

Leo sikuulizi hali.

Jana nilikuwa nimepeleka sare za shule kwa mteja. Niliporudi, viatu vya mwanangu havikuwepo mlangoni. Mume wangu amekaa kitandani anatazama sakafu. "Dada amesema," ananiambia. Mwanamume mzima, anayeendesha lori milimani bila kutetemeka: "Dada amesema."

Sasa nikwambie jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza. Mwanangu wa kwanza. Wewe hukumwona, ulikuwa chuoni, ulituma pole. Alikuwa na wiki mbili, homa ikampanda. Mwenye duka la dawa akanipa dawa ya maji, akachora mstari kwenye kijiko. "Mpe mpaka hapa. Watoto wote nawapa mpaka hapa." Nikampa mpaka hapo, kila ulipofika wakati. Akalegea. Tumbo likajaa, ngozi ikawa na rangi ya majivu, akapoa mikononi mwangu. Familia yenu ikasema homa imemchukua. Mimi najua kilichomchukua. Nilifuata maelekezo, wifi.

Kwa hiyo usinifundishe dawa inafanya nini ndani ya mtoto. Nimeiona kwa macho haya.

Nirudishie mwanangu.

Mama yake


10 Aprili

Wifi,

Mtoto hajambo. Hajaanguka tangu aje. Anakuulizia kila akiamka.

Barua yako niliifungua kazini, watu wakiwa kwenye foleni. Nilifunga dirisha, wakanung'unika, sikujali. Sikujua. Pole niliyotuma nikiwa chuoni haikutosha, na ya leo haitatosha, kwa hiyo sitaituma.

Unayosema nayaamini. Ini la mtoto wa wiki mbili bado halijaamka. Dawa haipati pa kutokea, ya leo inarundikana juu ya ile ya jana. Yule anayewapa watoto wote mpaka mstari uleule hakupaswa kuuza hata peremende. Lakini huyu ana miaka mitatu! Kilichokuwa kimelala ndani ya mwanao wa kwanza, ndani ya huyu kinakimbia. Unamwokoa yule aliyekwisha kwenda, na huyu unamwangusha.

Usingizi ule huja dozi inapopanda, kisha mwili unazoea. Hilo tulipaswa kukueleza. Sasa hivi anaruka juu ya makochi yangu, na birika langu la kioo amelivunja.

Jumatatu ya wiki ijayo atatolewa damu, waone dawa imefikia kiasi gani mwilini. Njoo usimame hapo mwenyewe. Lakini nikimrudisha na ukampunguzia tena, nitamfuata, na safari hiyo hutamwona mpaka awe mkubwa. Kwa hilo siombi radhi.

Wifi yako,
shangazi wa mtoto


28 Aprili

Kwako,

Mimi mzima. Mtoto mzima.

Nilikuja, ukaona. Nikaondoka naye, ukaona pia. Muuguzi alipomchoma sindano, alilia akanyoosha mikono kwako. Ulidhani sikutazama. Nilitazama.

Daktari alinionyesha majibu. Hata kwa dozi nzima, dawa ilikuwa imegusa tu kile kiasi cha chini anachokitaka. Kwa nusu yangu, alikuwa kama hana kitu. Basi, ulikuwa sahihi. Furahi.

Asubuhi ya kwanza hapa nyumbani nilijaza lile bomba dogo la kupimia mpaka mstari. Dawa ikanimwagikia kwenye gauni la mteja. Nikajaza upya. Mpaka mstari. Akameza. Nikampakata, mkono wangu juu ya kifua chake, mteja anagonga mlango simfungulii. Nilikuwa nangoja apoe. Nilingoja mpaka akaniambia, "Mama, unaniminya."

Kesho yake nilimpa tena, na leo nimempa. Bado namwekea mkono kifuani.

Lakini kwangu usije. Ulikuwa sahihi kuhusu dawa, na ulimchukua mwanangu nikiwa nimewapa mgongo. Yote mawili ni kweli, na moja halinifutii jingine. Mume wangu nimemwambia hivyohivyo, ametazama sakafu.

Daktari amesema mtoto akiongezeka uzito dozi itabadilika. Nitamleta mwenyewe. Ukiniona kwenye foleni, mwachie mwenzako dirisha.

Mama wa mtoto