Mbonyeo wa Ubavu wa Kushoto

Kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake, na naanza na goti lako: limekubali ile dawa ya kuchua, au bado unapanda ngazi kwa kuhesabu? Na shemeji, presha yake imeshuka? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, anasikia vizuri kuliko anavyotaka tujue, ila macho ndiyo amebaki nayo ya kubahatisha. Mimi mgongo unaniuma, lakini fundi bodi asiyeumwa mgongo ujue hafanyi kazi.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Wiki hii nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza habari za mvua. Kwa hiyo uvumilie mwandiko wangu, na usome mpaka mwisho hata kama mwanzo utakuchosha.

Nianze na binti yangu, maana yeye ndiye aliyekutumia mwaliko wa maonyesho ya magari ya zamani, nawe ukamjibu kwa adabu kwamba huwezi kuja kusimama karibu na gari lile la baba yetu. Alinisomea jibu lako mezani. Hakuelewa kwa nini baba yake mkubwa anakataa jambo dogo hivyo. Mwanangu huyu, kama unavyojua, anatengeneza meno ya bandia. Kutwa nzima anawachongea watu meno yasiyo na doa, kisha jioni anarudi nyumbani kukumbatia kutu. Ana magari matatu, na mawili kati yake mimi mwenyewe niliwashauri waliokuwa nayo wakayauze kwa kilo. Ni yale ya mabati ya pembe nne, yaliyotoka wakati mimi na wewe tumeshaanza kunyoa ndevu: bampa za plastiki, dashibodi ya plastiki, mpaka mlio wa honi unausikia kama wa plastiki. Hayo ndiyo anayaita ya kale. Nina nyundo zenye umri mkubwa kuliko hayo.

Na wenzake ndio usiseme. Wanakuja Jumamosi, suruali zimechanika magotini kwa makusudi, wanachuchumaa kwenye kona ya mlango na kuipiga picha kutu kama watu waliokuja kumtazama mtoto mchanga. Mmoja aliniletea gari lililokaa kwenye banda la kuku miaka ishirini. Alitaka nimchomelee sakafu ili asidondoke barabarani, basi. Nilipotaka kuliosha kwanza, akanishika mkono na kuniambia vumbi lile ni la asili. Nikamwambia si vumbi tupu, mengine ni mavi ya kuku. Akajibu bila aibu kwamba hiyo nayo ni historia. Neno hilo, kaka, wanalitumia kama sisi tunavyotumia grisi: popote panapokwaruza wanapaka.

Usidhani nawapendelea wa rika letu. Hao nao wana chama chao, na glavu zao nyeupe. Kuna mhasibu mstaafu ambaye nimempulizia gari lake rangi mara tano. Halitoki bandani kukiwa na wingu. Asubuhi anaingia, anakaa nyuma ya usukani na injini imezimwa, anasikiliza taarifa ya habari, anashuka, anafuta alama za vidole vyake mwenyewe. Hao hawakusanyi magari, wanakusanya vioo vya kujitazamia, kwa sababu kwenye bonneti inayong'aa mtu haoni upara. Mzee wetu angewacheka wote, wazee kwa vijana. Yeye alikuwa mpiga chapa, alinunua gari limpeleke kiwandani na kumrudisha, na zaidi ya hapo hakulidai kitu.

Basi tuje kwenye gari la Mzee. Mama alipohamia kwangu mwaka jana, gari nalo lilivutwa likaja na turubai lake. Mimi nilijua ni langu. Tangu tumzike Mzee, miaka kumi na mmoja sasa, nani alikuwa akienda kulibadilisha oili na kuliwasha lisigande? Mama akamkabidhi ufunguo mjukuu wake, mbele yangu, akasema huyu ataliacha lilivyo, lakini mimi fundi nitalifanya gari la mtu mwingine.

Binti hakuliosha. Aliketi na Mama siku nzima akimuuliza habari za kila mkwaruzo na kuandika, ili siku ya maonyesho kila alama iwe na kibao chake. Kiti cha nyuma kilichoungua: hapo shangazi aliweka pasi ya moto. Mpini wa mlango uliolegea: hapo Mama alivuta kwa hofu siku alipokuwa na uchungu wa kunizaa mimi. Halafu ule mbonyeo wa ubavu wa kushoto, nyuma ya tairi. Unaujua. Kibao chake kilisema kwamba kifungua mimba wa familia aliligonga gari ukutani, akakana mbele ya baba yake, akanyang'anywa ufunguo, na mwaka huohuo akaondoka nyumbani. Binti alinisomea kwa furaha, akasema gari zima halina kitu kizuri kama mbonyeo ule.

Nilimjia juu. Nilimwambia ni upuuzi mtupu kuwatundikia wapita njia aibu ya familia kama tangazo la dukani. Akanijibu, bila kupandisha sauti, kwamba sisi watu wa kung'arisha tumezoea kuziba kila kitu kwa puti. Nilimdharau sana saa ile. Nilimdharau kwa sababu alisema kweli na wala hakujua kama anasema kweli.

Jumanne alipokwenda kazini nilitoa nyundo zangu nikaunyoosha. Dakika arobaini. Mbonyeo wa miaka thelathini na tisa, dakika arobaini! Unakumbuka nilivyomwomba Mzee nilipomaliza kujifunza ufundi, nikasema hiyo ndiyo iwe zawadi yangu kwake? Pengine hukuambiwa. Alikataa. Alisema huo ni wa kaka yako, siku atakayokuja kusema kweli ndiyo siku utakayounyoosha. Nikarudi gereji kunyoosha ya watu.

Binti aliporudi hakupiga kelele, aliingia chumbani akafunga mlango. Kumbe hayo yalikuwa madogo. Kuna jambo wewe hulijui, kaka. Kila asubuhi Mama akienda kuota jua hupita kando ya gari na kuweka kiganja ndani ya mbonyeo ule. Miezi yote hiyo nilidhani anatafuta pa kujishikiza. Asubuhi ya Jumatano kiganja chake kiliteleza. Akapapasa juu, akapapasa chini, akauliza hili gari la nani. Nilipomwambia ni lilelile ila nimelinyoosha, akasema taratibu kwamba pale ndipo mahali pekee katika nyumba hii alipokuwa bado anamgusa mwanawe wa kwanza. Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na minne, nilisimama na nyundo mkononi kama mjinga.

Ikaamriwa niurudishe. Hebu cheka kidogo: fundi wa miaka thelathini, watu wanatoka miji mingine kumfuata, anaambiwa abonyeze gari. Binti akaleta picha zake za mbonyeo alizopiga zikiwa na rula pembeni, akaniambia nijaribu. Sikuzitazama. Nilichimba shimo uani nikasimamisha bomba la chuma, urefu wa kufika kiunoni, nikalishindilia kwa mawe. Nikaingia garini, nikawasha, nikakata usukani wote kushoto, nikarudi rivasi. Mara moja tu. Mlio ukatoka, ule mlio mfupi wa bati linaloingia ndani. Binti akaja mbio na picha zake, akapima, akapima tena, akaniambia haujapungua wala kuzidi hata upana wa kucha.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake kibarazani. Aliusikia ule mlio akainuka bila kusaidiwa. Akaja akaweka kiganja, kikaingia. Kisha akaniuliza kwa nini nimetumia bomba, wakati miaka yote hii hadithi ni ya ukuta. Binti akacheka akanijibia, akasema fundi husoma mbonyeo kama yeye anavyosoma meno. Nikaidaka kauli hiyo kwa mikono miwili. Mama hakucheka. Akasema kwamba mlio ule ameusikia mara mbili katika maisha yake, mara zote mbili akiwa amekaa, na kwamba wiki ile ya mara ya kwanza bomba la maji la jirani lilikutwa limelala upande na linavuja, wanawake wote wakalalamika, wala hakuna aliyeuliza limepatwa na nini. Halafu akataka kujua mwaka ule nilikuwa na umri gani. Nikamwambia kumi na mitano.

Kaka, ni mimi. Siku ile ulirudi kutoka kumpeleka Mzee kiwandani zamu ya usiku, ukaweka ufunguo mezani, ukalala. Nilitaka kufika bombani kwa jirani na kurudi tu, wasichana waliokuwa wanachota maji jana yake wasikie kwamba mdogo naye anaendesha. Nilikata kushoto mapema. Nikalirudisha gari mahali pake, nikafuta chokaa ya bomba kwa shati langu. Asubuhi Mzee alituita sote wawili lakini alikutazama wewe peke yako, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa na ruhusa. Ukasema hujui, na kweli hukujua. Kwa vile hakuna aliyekuwa na jibu, ukuta ukabuniwa, na sijui hata nani aliutaja kwanza. Pengine ni mimi. Kisha Mzee akaichana barua aliyokuandikia ya kwenda kuomba kazi ya udereva wa mabasi, akaichana vipande vidogo, na wewe ukanigeukia mara moja. Nikatazama sakafu. Hukutaka kitu kingine maishani ila kuendesha, nawe umezeeka ukishika funguo za maghala ya watu. Miaka miwili baadaye Mzee aliponipa mimi ufunguo wa gari, niliupokea na kushukuru.

Mara nyingi nimejiuliza kama ulijua. Kama ulijua ukaninyamazia, sina uso wa kukutazama. Kama hukujua, basi sasa unajua. Dharau zote nilizomwaga humu juu ya kutu zao na glavu zao zingenitosha mwenyewe na zikabaki. Wale watoto wanapenda mibonyeo ambayo hawakuifanya, hilo ndilo kosa lao lote. Mimi wangu niliufanya, nikaenda kujifunza kazi ya kufuta.

Jana mchana nilimweleza binti kila kitu. Kwa mara ya kwanza hakuandika. Kibao kipya nimekiandika mimi kwa mkono wangu na nakala yake imo ndani ya bahasha hii. Mahali pa kifungua mimba nimeweka kitinda mimba, na ukuta nimeuondoa. Uje usije, Jumamosi ya mwisho wa mwezi kitatundikwa, na nitasimama kando yake mpaka wafunge. Hilo sikuombi ruhusa.

Lakini gari lenyewe limekwama. Mama ameuomba ufunguo kwa binti, ameutia kwenye mkoba wake, analala nao. Amesema gari halitavutwa wala halitaendeshwa na mimi, litakwenda maonyeshoni likiendeshwa na yule aliyenyang'anywa. Nilimwambia hujashika usukani miaka thelathini na tisa. Akasema gari lina subira, nalo limebonyea tayari, ukiligonga hakuna atakayejua.

Nisalimie sana shemeji, mwambie asikupakie nguo nyingi. Wasalimie watoto, na umshike mkono kwa niaba yangu yule jirani yako anayekusomea barua miwani ikipotea; ila hii naomba uisome mwenyewe. Mama anakusalimu kwa kiganja. Binti anamwamkia baba yake mkubwa. Na mimi ninakuamkia kwa mara nyingine: shikamoo, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
dereva wa siku ile.