Picha ya Pili ya Kifua cha Baba

Mwanza

Dada Yustina,

Nimemdanganya baba. Nimemwambia picha ya pili imeonyesha uvimbe kwenye pafu lake umepungua, na haujapungua. Hakuna mtu mwingine ninayemwambia, hata mama hajui. Nimeliandika kwanza kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe. Unanijua.

Sasa shikamoo, dada. Shemeji hajambo? Mtoto ameanza kutembea au bado anashika ukuta? Nyie huko Kasekese mmemaliza kupukuchua mahindi? Mama kwenye simu anasema mgongo umepoa, lakini mama hata akiwa na homa husema amepoa, kwa hiyo ukienda Kabungu mwangalie mwenyewe, uone nani anamsaidia kupanga madaraja ya tumbaku iliyokaushwa kwenye bani. Sisi huku tupo. Baba anakula uji na ndizi za kupondwa. Nywele zimeisha zote, na kichwa chake kina umbo ambalo sikuwa nalijua.

Sikutaka kukupigia maana simu yako mnaiweka spika wakati wa kula na nyumba nzima inasikiliza. Barua hii anakuletea Mama Zuhura, yule mwenye duka la vitenge karibu na soko la Mpanda. Mume wake amelazwa wodi moja na baba, na sasa shemeji yake amekuja kumpokea zamu ya kuuguza. Ni mtu mzuri, ila anapenda kunitania. Siku ya kwanza aliniuliza kama mdomo wangu unafunguliwa kwa ufunguo, na kama ufunguo wenyewe niliusahau Kabungu. Nilicheka kidogo. Tangu hapo ananiita Bubu wangu, na kila akipika wali ananiwekea.

Nikueleze ilivyokuwa. Unakumbuka kabla ya kuanza dawa baba alipigwa CT scan, ile mashine ya duara kama pete kubwa. Baada ya dripu kadhaa za kemo walisema lazima apigwe nyingine, ili waziweke picha mbili pamoja waone kama dawa inafanya kazi. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Wanamchoma sindano ya dawa inayong'arisha picha, halafu mashine inasema vuta pumzi, zuia, pumua. Alipotoka alinivuta pembeni akaninong'oneza nimletee suruali nyingine, alidhani amejikojolea. Nikaangalia, ilikuwa kavu kabisa. Nesi akasema ile sindano inaleta joto huko chini na wengi hudhani hivyo. Baba hakucheka. Zamani angecheka.

Majibu tulipewa siku iliyofuata. Daktari wake ni mama mmoja mpole, mwenye miwani. Tulikaa mbele ya meza, baba na kofia yake mapajani. Daktari akasema picha zote mbili ameziangalia na hakuna mabadiliko. Baba akasema asante, akasimama, akatoka. Alivyo baba, hakai kwenye kiti baada ya kuambiwa jambo. Daktari akabaki ananitazama mimi, akasema, "Mwambie hiyo ni habari njema." Nikaitikia ndiyo. Sikuuliza kwa nini ni njema. Nilikuwa natazama kalamu yake.

Nilimkuta baba kwenye benchi nje ya maabara. Aliniambia nikafungashe, tunarudi nyumbani. Nikasema daktari hajaturuhusu. Dada, aliniambia hivi, na hakuwa na hasira:

"Wewe umekua kwenye bani, unajua. Jani likikaa ndani na moto unawaka, ukifungua ukalikuta kijani vilevile, moto haujalifikia. Utaendelea kuchoma kuni? Unazima, unaokoa kuni zilizobaki."

Wewe mwenyewe umewahi kukaa naye kwenye bani, unajua akishasema jani halijageuka huwa hakuna mtu wa kumpinga. Hata wale jirani zetu wenye mabani makubwa humwita baba aje kuchungulia. Sasa mtu kama huyo ukimwambia hakuna mabadiliko, umemwambia kazi imeharibika. Na alikuwa ameshaanza kutafuta kwenye mfuko namba ya simu ya watu wa basi.

Ndipo nikasema. Sikupanga. Nikasema, "Baba, ulipotoka daktari aliniita. Anasema kwenye picha mpya umepungua kidogo, hakutaka kusema sana mbele yako." Sauti yangu ilitoka kawaida tu, kama namwambia maji yamechemka. Baba akairudisha mfukoni karatasi yenye ile namba. Akasema basi tungoje dripu inayofuata.

Unajua mimi hata shuleni nikinyoosha mkono jasho linanitoka. Siku hiyo sikutoka jasho. Nilienda kufua shuka, nikaanika, nikapika uji. Nilidhani usingizi utakataa lakini nililala. Mpaka leo nangoja nijisikie vibaya, naona nipo tu, mikono inafanya kazi yenyewe.

Jioni baba alimwambia Mama Zuhura. Mama Zuhura alipiga vigelegele mpaka nesi akaja kuona kuna nini, akanunua soda, akagawia vitanda vya jirani. Akaniambia, "Bubu wangu, hata leo hutabasamu?" Nikatabasamu. Baba akampigia mama hapohapo, na mama akasema atatoa shukrani kanisani.

Dripu iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote. Alitapika mpaka hakuna cha kutoka, vidonda mdomoni, hata mate yanamuuma. Nilikuwa nashika beseni. Alipopata nafuu kidogo akafuta mdomo akasema, "Mradi unapungua, nitavumilia." Nikamwaga beseni, nikaliosha. Nililiosha sana.

Ndipo nikaona siwezi kuendelea bila kujua nimemfungia baba kwenye nini. Nilikwenda kwa daktari peke yangu. Nilisimama kwenye ule ukumbi watu wakinipita, mpaka Mama Zuhura akaniona. Alidhani nataka kuuliza habari za chakula cha mgonjwa. Akanisukuma mgongoni akasema ingia, hawang'ati.

Nilimuuliza daktari kwa nini kutobadilika ni habari njema. Nilikuwa naongea na meza lakini alinisikia. Akageuza kompyuta nione. Kifua cha baba kimekatwa vipande kama mkate, mapafu meusi, uvimbe mweupe. Kushoto picha ya kwanza, kulia ya pili. Akavuta mstari juu ya uvimbe huu na huu, urefu uleule. Akasema zile za kabla ya dawa, eksirei ya Mpanda na CT scan ya kwanza ya hapa, zilionyesha unakua haraka. Sasa umesimama. Akasema, "Dawa imeushika. Ungekuwa umekua, ningebadilisha dawa. Ukisimama, tunaendelea."

Nikamuuliza utasimama mpaka lini. Akasema hawezi kuniahidi, ndiyo maana watapiga picha nyingine.

Kwa hiyo dada, ukweli wenyewe haukuwa mbaya kama baba alivyousikia. Nilimficha kitu ambacho kingeweza kumfaa. Na ningeweza kumweleza, kwa sababu kwenye bani kuna wakati jani likishageuka njano unashikilia joto palepale, na kazi yote siku hizo ni rangi isisogee. Baba ndiye aliyenifundisha hivyo. Nilishindwa kulikumbuka kwenye lile benchi.

Juzi nilijaribu. Alikuwa amekaa kitandani anamenya chungwa. Nikasema, "Baba, ule uvimbe." Akasema, "Umepungua, najua, mbona umeshaniambia," akanipa nusu ya chungwa. Nikala.

Lakini picha ya tatu inakuja, na ameshasema safari hii hatatoka, atakaa mpaka aonyeshwe zote kwa macho yake. Akiukuta urefu ni uleule atajua, na sijui atakachofanya. Anaweza kuacha dawa. Anaweza asiamini neno langu tena, na humu wodini hana mwingine. Nataka ausikie kutoka kwangu kwanza, jinsi ulivyo, wala si kutoka kwenye kompyuta. Nangoja vidonda vya mdomo vipone ili akitaka kunigombeza aweze.

Mama akisimama kanisani mwacheni ashukuru, na wewe simama naye. Daktari amesema ni habari njema na mimi namwamini daktari.

Msalimie mama yetu, mwambie nakula. Msalimie bibi mzaa baba na umwambie mwanawe anamuulizia kila asubuhi. Msalimie shemeji, na mama mkwe wako, na yule jirani anayetuchungia bani lisibomolewe na mvua. Mbusu mtoto.

Mama Zuhura hajui kilichomo, bahasha nimeibandika kwa uji wa ngano, akikutania kuhusu Bubu wake wewe cheka. Ukimaliza kusoma ichome jikoni. Na mama akikupigia akuulize pafu la baba limefikia wapi, naomba umjibu kwamba hujasikia kitu kipya. Usimwambie hata shemeji. Niachie mimi nimwambie baba mwenyewe, dada, usinitangulie.

Mdogo wako,
Restituta