Sanduku la Kitambaa Chekundu

Jumanne, 5 Juni 1956

Unga umelowa! Wote, uji mtupu. Asubuhi nililizamisha sanduku kisimani kulijaribu, unga ndani, jiwe juu yake, adhuhuri nikalitoa mbele ya mtaa mzima wa Makorora, maana Hatibu, mdogo wangu, hana siri, kawaita watu kama kwenye ngoma. Wamecheka hadi wakakaa chini. Mastura, jirani, ati anauliza: fundi, uji tayari, sukari unaileta lini? Nimeumwaga uji wenyewe. Watacheka wee, watachoka.

Sanduku lenyewe halina kosa. La chuma, la kuwekea risasi, askari mmoja alirudi nalo kutoka vitani Bama. Kosa liko mdomoni: mfuniko unakaa, haubani. Na lazima ubane. Hatibu na rafiki yake Laurenti, mpiga picha, wanataka kushuka mto Pangani kwa mtumbwi, toka chini ya maporomoko mpaka mjini Pangani, wapige picha ambazo hajapata kuzipiga mtu. Kamera isione hata tone. Wala viberiti, wala unga, wala dawa, maana huko porini hakuna duka. Nimemwambia Hatibu: mkeo ana mimba, mto una mamba na viboko, tulia. Ati, "Kaka, wewe shughulika na bati." Haya.

Alhamisi, 7 Juni

Nimekata mpira wa baiskeli, nikauzungusha mdomoni, nikaugandisha kwa lami. Vibanio vinne badala ya viwili. Tangu jana limo kisimani — wanawake wananitukana, maji yao yananuka lami — na leo unga mkavu! Nimeupuliza ukaniingia machoni. Tena linaelea. Tumelijaribu pwani, Hatibu kalikumbatia likambeba.

Laurenti kanishika mabega mbele za watu: Fundi, wewe ndiwe utakayetufikisha. Kijana huyu wa milimani ana adabu. Nampenda, basi.

Jumamosi, 9 Juni

Wameondoka na lori lipitalo Pongwe. Mtumbwi watakodi huko huko mtoni. Sabiha, mke wa Hatibu, kalifukiza sanduku ubani mpaka sote tukakohoa. Sikumzuia, mwenye mume ni yeye. Mimi nikafunga kitambaa chekundu kwenye mshikio wake, makusudi: likianguka majini lionekane toka mbali. Akili yangu mwenyewe hiyo! Nimejisifu njia nzima kurudi nyumbani.

Jumatano, 13 Juni

Walikuwa wafike Pangani jana. Kimya. Dereva wa gari la Pangani hajaona mtumbwi wala watu. Anasema huko juu mvua imenyesha sana, mto umejaa, rangi ya udongo. Sabiha kila akija ni lile lile: "Shemeji, hakuna habari?" Nimemwambia wanapiga picha za viboko, watachelewa. Nimegonga bati kutwa, sijui nimetengeneza nini.

Alhamisi, 14 Juni

Barazani leo kaja muuza nazi mmoja, katoka Pangani, anasimulia kwa raha zake. Juzi, upande wa Bweni, ng'ambo ya mto, limeteremka na maji sanduku la mashetani. La chuma, lina kitambaa chekundu, linanuka ubani. Huko juu bila shaka mtu katolewa pepo, pepo kapelekwa mtoni na sadaka yake. Sasa watu wa chini ndio wambebe? Aka! Wavuvi wamelisukuma kwa upondo wa mtumbwi. Maji ya bahari yalipojaa likarudi, wakalisukuma tena. Baraza zima likaitikia: wamefanya vyema, ukiligusa linakuhamia.

Na mimi ningelisukuma! Ndilo linaloniua. Lingekuwa la mtu mwingine, ningelisukuma na kunawa mikono. Ubani na chekundu — sadaka tumeitengeneza wenyewe, Sabiha na mimi, tukaipeleka ambako hakuna mtu wa pwani atakayethubutu kuigusa. Siku mbili watu wamelifukuza sanduku langu!

Ijumaa, 15 Juni — Bweni

Swala ya Ijumaa imenipita njiani, Mungu atanisamehe. Sanduku limenasa kwenye mizizi ya mikoko. Hakuna aliyekubali kunitolea. Nilimwamkia mvuvi mmoja, Mzee Shekhe, shikamoo, akaitikia akirudi nyuma: "Marahaba, mwanangu. Lakini ukishaligusa, mimi usinikaribie." Nimeingia matopeni hadi kiunoni. Nilipofyatua kibanio cha kwanza, wengine walikimbia.

Ndani pakavu. Pakavu kabisa. Sijapata kuichukia kazi yangu namna hii.

Nikatoa kimoja kimoja. Kamera, imeviringishwa katika shati la Laurenti. Dawa. Viberiti havimo. Unga haumo. Nikaitazama kamba iliyobaki mshikioni, ya kulifungia mtumbwini: imekatwa kwa kisu, haikukatika yenyewe. Na vibanio vyote vilikuwa vimefungwa! Basi mtu alikuwa nchi kavu, akachukua chakula na moto, akafunga vizuri, akaliachia sanduku makusudi lije kutuita. Maiti haichukui viberiti. Nimelia kwa furaha pale pale matopeni, Mzee Shekhe akadhani nimepandwa na pepo. Alipoelewa, akashika kichwa. "Mimi ndiye niliyelisukuma. Kwa upondo huu." Akaenda kutayarisha mtumbwi wake, sikumwomba.

Halafu chini kabisa nikaona kopo. Niliwapa makopo mawili ya kunywea, kila mtu lake, kazi ya mkono wangu, hayatofautiani hata kidogo. Moja halimo. Moja limebaki.

Mtu mmoja kachukua kopo moja.

Sabiha kafika alasiri na gari. Nimemwambia habari ya viberiti na unga. Kamshukuru Mungu, akaketi, akaomba unga kwa wenyeji, akaanza kukanda maandazi ya watu wawili. La kopo sijamwambia. Nimelitia mfukoni.

Jumamosi, 16 Juni — mtoni

Tumepanda mto tangu alfajiri, mimi na Mzee Shekhe. Sasa tumekwama. Maji yamekupwa, fungu la mchanga limetuziba, hakuna la kufanya ila kungoja yajae. Kushuka hatuwezi: matope yanameza mguu, na mamba wamejianika kando.

Nyuma ya kona kuna moshi! Mwembamba, wa kupikia. Nimeita mpaka koo limekauka — Hatibu! Laurenti! — na tumeitikiwa. Si masikio yangu tu, Mzee Shekhe naye kasikia. Sauti ya mtu mmoja. Tumeita tena, ni ile ile. Imechakaa, upepo unaikata, haijulikani ya nani.

Laurenti ana mama yake huko Lushoto, alinisimulia habari zake siku tuliyolijaribu sanduku pwani. Mama huyo naye anamngojea mwanawe. Na mimi, tangu niisikie ile sauti, naomba — astaghfirullahi — naomba iwe ya mdogo wangu. Najua ninachokiomba. Najiambia niache, midomo inaendelea.

Mzee Shekhe kachovya upondo kupima maji, katikisa kichwa. Bado. Naandika ili nisiombe.